Kumlipa mkandarasi achangie mradi huria wa watu wa kujitolea: mkataba ukae vipi?

Njia_Panda

Wakuu, naomba mwongozo. Kampuni inategemea maktaba moja ya programu huria ya kusoma na kuandika faili za data. Nyuma ya mradi hakuna kampuni. Kuna wasimamizi watatu wa kujitolea, na ni hao tu wenye ruhusa ya kuunganisha msimbo (maandishi ya programu) kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi. Kinachotakiwa ni uwezo wa kusoma faili kubwa kipande kwa kipande bila kuipakia yote kwenye kumbukumbu. Tiketi yake (ombi kwenye orodha ya kazi za mradi) iko wazi muda mrefu, hakuna aliyeipinga na hakuna aliyeishika.

Bajeti iliyopo ni saa 240 za mkandarasi wa nje: saa 20 kwa wiki, wiki 12. Rasimu ya mkataba inasema alipwe nusu mwanzoni, na nusu siku msimbo utakapounganishwa kwenye mradi mama. Je, kifungu hicho kimekaa sawa? Na tuwaambie nini wale wasimamizi kabla hatujaanza?

---

Mtunza_Tawi

Hicho kifungu cha "siku utakapounganishwa" kitoe leo hii. Mkandarasi anauza saa zake na ujuzi wake. Kuunganisha ni uamuzi wa watu watatu ambao hamjawaajiri wala hawana deni kwenu. Ukifunga malipo kwenye uamuzi wao, mkandarasi mwenye nusu ya hela yake iliyoning'inia ataanza kuwaandikia kila baada ya siku mbili, "jamani, mmefikia wapi?" Msimamizi anayefanya kazi hiyo usiku baada ya kibarua chake cha mchana ana njia mbili: aidhinishe kwa huruma, au aache kufungua ujumbe wenu. Zote mbili ni hasara.

Siku hizi kuna sababu nyingine. Katika XZ Utils, programu huria ya kubana faili, akaunti zisizojulikana zilimbana msimamizi aliyekuwa amechoka mpaka akamkaribisha msaidizi. Msaidizi huyo alijenga imani kwa miaka kama miwili, kisha akapenyeza mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia kompyuta) kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ulibambwa Machi 2024. Tangu hapo, mgeni mwenye haraka anatazamwa kwa jicho la shaka, hata kama haraka yake ni ya ankara tu.

Gawa saa zako 240 kwa vitu ambavyo mkandarasi anavimudu mwenyewe. Saa 36 za kwanza ziende kwenye pendekezo la usanifu, kabla ya mstari hata mmoja wa msimbo. Liwekwe wazi kwenye tiketi: tatizo ni lipi, violesura gani vipya (njia za programu nyingine kuitumia maktaba) vinaongezwa, nini kitavunjika kwa watumiaji wa sasa, majaribio yatafanywaje, na nani atakitunza kipengele baada ya mwaka. Awamu hii inalipwa pendekezo likishawekwa na maswali yakishajibiwa, hata kama jibu la wasimamizi ni "hapana". "Hapana" ya saa 36 ni rahisi sana ukiilinganisha na ya saa 200.

Saa 108 ni za kuandika: msimbo, majaribio ya kiotomatiki na nyaraka. Kipimo cha kukamilika kiwe kitu kinachoonekana bila kumuuliza msimamizi. Kwa mfano, viraka (mafungu ya mabadiliko ya msimbo) vimewasilishwa hadharani, majaribio yote yanapita kwenye kila mfumo endeshi ambao mradi unaahidi kuufanyia kazi, kila kiolesura kipya kina maelezo na mfano wake, na kuna kipimo cha kumbukumbu kabla na baada. Kwa kipengele chenu, hicho kipimo cha kumbukumbu ndicho roho ya kazi, maana bila namba hakuna ushahidi kwamba faili haipakiwi yote.

Saa 60 ziwekwe kwa ajili ya mapitio. Watu wengi hapa huandika sifuri, wakidhani msimbo ukishawasilishwa kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza: kubadilisha majina ya vitendaji, kugawa kiraka kimoja kuwa vinne, kusogeza viraka juu ya msimbo mpya uliobadilika wakati vinasubiri, kueleza jambo lilelile kwa msimamizi wa pili ambaye hakusoma majibu ya wa kwanza. Saa 36 zinazobaki ni za miezi sita baada ya kuunganishwa, kwa hitilafu zitakazoletwa na kipengele hicho.

Saa ni zilezile, ila mkataba wenyewe uishi mwaka mmoja. Wiki 12 mfululizo hazifai kwa sababu foleni ya mapitio haifuati kalenda yenu. Mkandarasi awe huru kufanya kazi nyingine wakati anasubiri, na alipwe kwa saa alizotumia kweli.

Jambo dogo la ukubwa: kiraka cha mistari 200 hadi 400 mtu anakisoma kwa kikao kimoja. Cha mistari 3,000 kinasifiwa, kisha kinaachwa.

---

Kalenda_Kwanza

Nakubaliana na hapo juu, ila mmesahau kuangalia mradi uko wapi kwenye mzunguko wake wa matoleo. Ndiko hela nyingi zinakopotelea, na hakuna anayeliweka kwenye mkataba.

Chukua kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo. Dirisha la kupokea vitu vipya linakaa wazi wiki mbili, kisha yanafuata matoleo ya majaribio kila wiki, na mzunguko mzima ni wiki 9 au 10. Lakini kiraka hakitakiwi kufika dirisha likiwa wazi. Kinatakiwa kiwe kimeshakaa kwenye tawi la msimamizi wa sehemu husika kabla halijafunguliwa. Mkandarasi anayewasilisha kwa mara ya kwanza siku dirisha linafunguka ataambiwa arudi baadaye, na ni haki yao.

Lugha ya programu ya Python inatoa toleo jipya kila mwaka Oktoba, na milango ya vipengele vipya inafungwa toleo la beta (la majaribio) la kwanza linapotoka, mwezi Mei. Piga hesabu: mkataba wa miezi mitatu unaoanza Aprili unaisha mwisho wa Juni. Mlango umeshafungwa, kwa hiyo kipengele kitaonekana Oktoba ya mwaka unaofuata. Mkandarasi hana kosa hapo. Aliyepanga tarehe ndiye hakusoma ratiba.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, nayo ina vipindi maalumu vya mapitio, na inamtaka anayewasilisha kiraka apitie kiraka cha mwingine chenye ugumu unaokaribiana na wa chake. Hizo saa za kupitia kazi ya watu wengine lazima ziwe kwenye bajeti. Usipozilipia, mkandarasi atazikwepa, halafu mtashangaa kwa nini kiraka chenu kimelala.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, fungua ukurasa wa matoleo wa mradi wenu, tazama tarehe za matoleo matano ya mwisho, na uone vipengele vipya huwa vinafungwa lini. Kama mradi hauna ratiba rasmi, historia ya tawi kuu itakuonyesha miezi yenye harakati na miezi ya ukimya.

---

Bi_Leseni

Kuhusu kuwaambia wasimamizi: semeni wazi tangu ujumbe wa kwanza, na aseme mkandarasi mwenyewe kwenye tiketi, hadharani. Barua ya mkurugenzi kwenye kikasha cha msimamizi mmoja haifai. Maneno yasizidi haya:

"Nimepewa kazi ya kulipwa na kampuni fulani kushughulikia tiketi hii. Nina saa za kuandika, za kujibu mapitio, na za kurekebisha hitilafu kwa miezi sita baada ya kuunganishwa. Malipo yangu hayategemei uamuzi wenu. Kabla sijaandika msimbo nitaweka pendekezo hapa. Je, kuna sababu ya kutolitaka hili jambo kabisa?"

Hilo swali la mwisho lina thamani kuliko sentensi zote zilizotangulia, kwa sababu linampa mtu nafasi ya kukataa mapema bila kuonekana mbaya. Kwenye kernel wapo wanaoandika jina la anayewalipa kwenye mabano, pembeni ya jina lao la mwandishi wa kiraka. Ni desturi nzuri, historia ya msimbo inabaki na jibu la "nani alilipia hiki" miaka kumi baadaye.

---

Njia_Panda

Asanteni sana, mmenifungua macho. Yamezuka maswali mawili mengine. Moja, kwa nini tusimlipe mmoja wa wale wasimamizi watatu moja kwa moja? Anaujua msimbo kuliko mgeni yeyote. Mbili, mwanasheria anataka kifungu kwamba "kila kitakachoandikwa ni mali ya kampuni". Hilo lina shida?

---

Bi_Leseni

La pili ni langu. Lina shida kubwa likiandikwa hivyo hivyo.

Katika nchi nyingi, alichoandika mkandarasi huru ni hakimiliki yake mpaka akihamishe kwa maandishi. Yeye si mwajiriwa. Sasa mwanasheria wako akihamisha kila kitu kwenda kampuni na kunyamaza hapo, mkandarasi hana tena haki ya kukiweka kwenye mradi. Miradi mingi inatumia DCO, tamko fupi lililoanzia kwenye kernel ya Linux mwaka 2004: kila kiraka kinabeba mstari wa Signed-off-by, na kwa mstari huo mwandishi anathibitisha kwamba ana haki ya kukitoa chini ya leseni ya mradi. Mkandarasi aliyehamisha haki zake bila kupewa kibali atakuwa anatia sahihi kitu kisicho kweli, na atakayebaki na msimbo wenye utata ni mradi wa watu wa kujitolea.

Njia rahisi ni kumwachia hakimiliki, na kampuni ipate haki ileile anayoipata mtumiaji yeyote kupitia leseni ya mradi. Kampuni haipotezi chochote, kwani lengo lilikuwa msimbo ukae huko. Mwanasheria aking'ang'ania uhamisho, basi sentensi inayofuata palepale iseme kwamba kampuni inamruhusu mkandarasi, bila kuomba idhini ya kila kiraka, kuchapisha kazi yote chini ya leseni ya mradi.

Kisha angalia kifungu cha usiri. Vingi vinasema "kazi yote chini ya mkataba huu ni siri". Mkandarasi atakuwa amekivunja siku anayoweka pendekezo kwenye tiketi! Usiri ubaki kwenye data za wateja, majina ya mifumo ya ndani na faili halisi za majaribio. Hiyo ya mwisho inawanasa wengi: mtu anatengeneza jaribio kwa kutumia faili halisi ya kampuni, analiweka kwenye ghala la umma, na kuliondoa kwenye historia ni kazi ya machozi. Tengenezeni faili za bandia tangu siku ya kwanza.

Kama mradi unatumia CLA (mkataba wa mchangiaji na mradi) badala ya DCO, ulizeni inamhusu nani. Kwenye miradi ya Apache kuna ya mtu binafsi na ya kampuni, na ya kampuni haiondoi haja ya mwandishi kusaini yake. Zote zisainiwe kabla ya kiraka cha kwanza, maana idara ya sheria inaweza kukaa na karatasi ya kurasa mbili kwa wiki kadhaa. Mwisho, mkandarasi athibitishe kwa maandishi kwamba mwajiri wake wa mchana, kama anaye, hana madai juu ya kazi za jioni.

---

Kongwe_wa_Orodha

Kumlipa msimamizi mwenyewe kunawezekana, ila kanyaga taratibu. Someni yaliyotokea mwaka 2006 kwenye Debian, mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea. Kundi lililojiita Dunc-Tank lilikusanya fedha kuwalipa wasimamizi wa matoleo ili toleo la etch litoke Desemba mwaka huo. Ugomvi ukawaka. Baadhi ya wa kujitolea waliuliza kwa nini wawili walipwe na mamia wengine wafanye bure, na wapo waliopunguza kazi zao waziwazi. Etch ilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Sisemi kuchelewa kote kulitokana na hela, lakini hela haikuwahisha.

Sasa linganisha na Debian hiyohiyo kuanzia 2014. Matengenezo ya usalama ya muda mrefu kwa matoleo ya zamani yanalipiwa na wafadhili kupitia kampuni ya Freexian, iliyo nje ya Debian. Wanaolipwa wanatoa ripoti za saa zao kila mwezi, hadharani. Kurekebisha programu ya miaka mitano iliyopita ni kazi ambayo karibu hakuna mtu anaitamani wikendi, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa raha yake. Django, mradi huria wa kujengea tovuti, nao mwaka huohuo ulianza kumlipa mtu kupitia taasisi yake, na kazi za mtu huyo ni kuchambua tiketi, kupitia viraka vya wengine, kutoa matoleo na kushughulikia ripoti za usalama. Kubuni vipengele vya kupendeza si sehemu kuu ya kazi yake.

Kwa hiyo kama mna hela ya msimamizi, mlipeni kwa uchambuzi wa tiketi na upitiaji wa foleni nzima, pamoja na viraka visivyowahusu ninyi. Muulizeni kwanza faraghani kama anataka, kwa sababu wengine mikataba yao ya kazi inawazuia kupokea malipo ya pembeni, na wengine hawataki tu burudani igeuke kibarua. Akikubali, wenzake wawili wajue kabla ya hela kutembea.

Na asiwe yeye anayeidhinisha kiraka cha mkandarasi wenu. Mkimlipa mwandishi na mpitiaji, hayo si mapitio tena.

---

Mtunza_Tawi

Hilo la mwisho kwenye mradi wa watu watatu ni gumu kulitimiza, Kongwe. Wawili wakiwa na shughuli, huyo mmoja ndiye peke yake anayeielewa sehemu hiyo ya msimbo.

---

Kongwe_wa_Orodha

Basi kisubiri. Au mtafuteni mtu wa nje anayeijua fani, apitie hadharani, halafu msimamizi asiyelipwa abofye. Mfano upo: kuelekea toleo la 13.0 la FreeBSD, mfumo endeshi huria, kampuni moja ililipia WireGuard, teknolojia ya VPN, iingizwe ndani ya kernel. Msimbo uliunganishwa bila mapitio ya kutosha, na wiki chache kabla ya toleo waliouchunguza, akiwemo mwanzilishi wa WireGuard mwenyewe, wakakuta kasoro nzito. Uliondolewa Machi 2021 na 13.0 ikatoka bila hiyo. Aliyelipa hakupata alichokilipia, na mradi ukapata aibu.

---

Kalenda_Kwanza

Kuna mtu amenitumia ujumbe wa pembeni kuuliza kwa nini wasiweke tu zawadi kwenye tiketi, atakayemaliza achukue. Kwa hitilafu ndogo iliyo wazi, sawa. Kwa kipengele chenye usanifu, watakuja watu watano wenye viraka vitano nusunusu, na wa kuvichambua ni walewale wasimamizi watatu. Hacktoberfest ya 2020, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, ilikuwa ya zawadi ya fulana tu, na bado miradi ilifurika maombi ya kubadilisha neno moja kwenye ukurasa wa maelezo, mpaka waandaaji wakabadilisha sheria mwezi ukiwa ndiyo kwanza umeanza: mradi usiojiandikisha kwa hiari hauhesabiwi.

Chagua mkandarasi mmoja, na umchague kwa historia yake kwenye mradi huohuo au unaofanana nao. Tafuta jina lake kwenye historia ya msimbo, kisha soma alivyojibu alipokosolewa. Bloomberg ilipotaka CSS Grid (njia ya kupanga kurasa za wavuti) iwepo kwenye vivinjari, iliilipa kampuni ya Igalia, ambayo watu wake tayari walikuwa wanachangia Chromium na WebKit, miradi huria iliyo msingi wa Chrome na Safari. Mwaka 2017 Grid ikawa imewashwa kwenye Chrome na Safari. Kama mtu wenu ni mgeni kabisa, mlipeni saa 10 au 15 kwanza arekebishe hitilafu mbili za zamani ambazo hazina uhusiano na kipengele chenu. Wasimamizi watamjua, naye atajua mradi unapenda viraka viandikwe vipi.

---

Njia_Panda

Nimeandika upya. Awamu ya tatu sasa inasomeka: "Saa 60 za kujibu mapitio, zitalipwa kila mwisho wa mwezi kwa kadiri zilivyotumika, mpaka kiraka kitakapokubaliwa. Mkandarasi atajibu kila hoja ndani ya siku mbili za kazi." Hakimiliki inabaki kwake, usiri ni kwa data za wateja tu. Mnaonaje?

---

Mtunza_Tawi

"Mpaka kiraka kitakapokubaliwa" ni lile dude lilelile limerudi kupitia dirishani. Weka: "mpaka saa 60 ziishe, au kiraka kiunganishwe, au kikataliwe rasmi, au siku 180 zipite tangu kiwasilishwe, lolote litakalotangulia." Saa zilizobaki zihamie awamu ya nne.

Ongeza na sentensi ya kukataliwa: kikikataliwa, saa za awamu ya nne zitumike kukigeuza kuwa kifurushi cha pembeni kinachoitegemea maktaba, kama usanifu unaruhusu. Msibebe nakala yenu ya maktaba nzima. Kila toleo jipya la mradi mama litawadai siku za kuunganisha upya, na hizo hazimo kwenye saa 240.

Siku mbili za kujibu ziko sawa kwa upande wa mkandarasi. Hakikisha tu hakuna mahali panaposema wasimamizi nao wajibu ndani ya muda fulani. Nimeona mikataba ya hivyo.

---

Njia_Panda

Hiyo ilikuwepo, kifungu cha 7. Nimekifuta. Nimeangalia pia ratiba: toleo lijalo limepangwa baada ya wiki tano, na vipengele vipya vimeshafungwa. Tutaanza na zile saa za hitilafu ndogo mbili, pendekezo litawekwa toleo likishatoka.

---

Bi_Leseni

Hitilafu hizo mbili nazo zinahitaji Signed-off-by. Mkataba usainiwe kabla yake, sio baada.